Peugeot ya Mzee Salumu iliyogonga injini kila ikirudi kutoka Chala

Wakuu, habari za humu.

Leo nimeona vijana wanabishana kuhusu injini kugonga. Kila mmoja ana jibu lake, na gari lenyewe hakuna aliyeliona. Nimecheka, maana ugonjwa huo niliuugua zamani. Nawasimulia kama ilivyokuwa, na aibu yangu sitaificha.

Ni miaka ya sabini, enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa fundi Sumbawanga mjini, umri miaka ishirini na sita, na nilijiona sina mpinzani Ufipa nzima. Hilo bado nalisimamia, msinitoe kwenye mada.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mzee Salumu, alikuwa na Peugeot 404 stesheni, ile yenye nyuma ndefu ya mizigo. Alipeleka chumvi na sabuni kwenye maduka ya vijiji hadi Chala. Dereva wake aliitwa Kasiano, Mfipa wa Mollo, Mkatoliki, mtu wa maneno machache.

Siku moja mzee akaja gereji peke yake.

"Fundi, injini inagonga. Tukienda Chala, kimya. Tukirudi, ngo-ngo-ngo mpaka mjini."

Akanigongea meza kwa vidole ili nisikie.

Wakuu, nilisikiliza meza. Gari sikulisikiliza! Nikamjibu hapo hapo kuwa beringi za konrodi, huko ndani ya injini, zimekwisha, na kilichoziua ni kuendeshwa bila oili ya kutosha.

"Basi Kasiano kaniulia gari," akasema. Akaapa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya Kasiano kazini.

Jioni Kasiano akanifuata. Alikuwa na watoto sita na mke mjamzito.

"Mdogo wangu, oili napima kila asubuhi. Nakuomba tu ulisikilize gari kwanza."

Hakubisha zaidi. Heri angenitukana.

Na muelewe, enzi zile spea hazikuwepo. Ukifungua injini, gari linakaa juu ya mawe hadi kuku wanatagia ndani. Kwa hiyo nikaona nihakikishe.

Gari lilipoletwa, nikaliwasha pale gereji. Kimya. Nikalipakia mzigo, nikapanda nalo kilima cha kwenda Mollo. Kimya. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kama tunavyofanya mafundi. Injini nzima kabisa.

Nikamwambia mzee kuwa Alhamisi naenda nao.

Ulikuwa mwezi wa saba. Waliokulia Ufipa wanaijua baridi ya mwezi huo, saa sita mchana bado umejikunyata. Kwenda, kimya. Chala tukashusha chumvi, mzee akatawadha kwa maji ya moto aliyoletewa na Kasiano, akaswali adhuhuri, tukala, tukageuza.

Hatujamaliza maili mbili: ngo-ngo-ngo.

Mzee akanitazama. Kasiano akakaza macho barabarani.

Nikamwambia tukifika mteremkoni azime injini, gari literemke lenyewe. Akazima.

Ngo-ngo-ngo.

Injini imezimwa na bado inagonga. Kila shimo, ngo! Pale pale nikajua nimemsingizia mtu.

"Simama, kaka."

Nikafungua boneti. Pembeni ya injini, karibu na eksozi, kulikuwa na birika limefungwa kwa kamba ya katani, mdomo wake umezibwa kwa gunzi la mahindi. Birika la udhu la mzee.

Likijaa maji lilitulia. Likiwa tupu lilicheza na kugonga bati. Na wakifika mjini Kasiano alikuwa analirudisha nyumbani kwa mzee kabla ya kitu chochote, ndiyo maana gereji sikuliona.

"Birika langu linafanya nini humu?" mzee akauliza.

Kasiano akavua kofia.

"Mzee, mwaka jana nilikuona unatawadha kwa maji baridi, miguu inatetemeka. Nikaona injini ina moto wa bure. Sikusema, niliogopa utaona Mkristo anachezea maji yako ya ibada."

"Na hukujua kuwa ndilo linalogonga?" nikamuuliza.

"Ningejua ningelikaza. Mwaka jana nilikuwa nalifunga kwa mpira. Mpira ukakatika, sikupata mwingine."

Kumbe siku zote mzee alidhani maji yale yanachemshwa na mama wa mgahawa pale Chala. Alilishika lile birika kwa mikono miwili.

"Na mimi Jumamosi nilikuwa nakufukuza," akasema.

Nilitamani nijifiche chini ya gari. Mzee alipewa neno na fundi, akaliamini. Aliyelitoa neno ni mimi.

Kesho yake nikalitengenezea birika kishikio cha bati, ndani nikaweka kipande cha tairi. Halikugonga tena, na Kasiano aliendesha gari lile mpaka mzee alipoacha safari.

Jumamosi, siku ile ile aliyokuwa afukuzwe, nilienda Mollo kumwomba Kasiano radhi. Akaniwekea ugali wa ulezi. Nilipomaliza kula akanitolea baiskeli yake.

"Inalia," akasema. "Lakini isikilize kwanza."

Akacheka. Mimi nikainama kuisikiliza.

Nilichojifunza, wakuu: usitoe hukumu ya gari usilolisikia, kwa sababu nyuma ya usukani kuna mtu. Tangu siku ile mteja akinigongea meza, namwambia tupande twende.

Haya, nimejianika vya kutosha. Wewe uliwahi kumtwisha nani kosa la gari, kisha ukakuta siye? Komenti ziko wazi, ila msinigongee meza.