Fimbo ya Manyoya

Sikulala, nikiwaza kama ningethubutu kumkataza baba kutega samaki mtoni. Katika ofisi ya uvuvi niliyokabidhiwa Mwanza, fimbo ya kuvulia ya Mzungu aliyenitangulia bado ilining'inia ukutani, ndoano yake imefungwa manyoya.

Utotoni nilidhani manyoya yale ni kindege cha kuwaonyesha njia samaki waliopanda mto Simiyu kutaga. Siku Mzungu huyo alipotujia, mto ulinuka tope, na migono ya baba, mitego yake ya matete, ilinuka moshi. Alikuwa ameichoma.

"Samaki wana mayai, mzee," alisema, huku akitupa ndoano yake palepale.

"Na hao wako, bwana, ni madume watupu?" baba aliuliza.

Sasa najua kuwa kuhusu mayai Mzungu alisema kweli.

Asubuhi niliivunja ile fimbo, nikaenda nyumbani.

"Shikamoo, baba. Mvua hizi usitege."

Baba alichukua tete jingine, akaendelea kusuka mgono wake.