Saa ya Maziko ya Biasha

Mwanapili hutengeneza kurasa za mtandao katika chumba cha kupanga Ukunda, juu ya duka la vifaa vya umeme. Mwaka juzi aliwatengenezea watu wa kwao Mwabungo ukurasa wa matangazo ya misiba: jina la marehemu, msikiti, saa ya maziko. Huku maiti haicheleweshwi, na simu za wafiwa huzidiwa. Akawaambia, "Msipige. Saa ikibadilika, mtaiona hapo hapo."

Mdogo wake, Nzai, mpishi wa hoteli huko Voi, alimtania: "Dada, sasa hata imamu akuombe ruhusa wewe?"

Mama yao, Biasha, alifariki alfajiri moja ya mwezi Machi. Mwanapili aliandika mwenyewe: baada ya alasiri. Nzai aliufungua ukurasa stendi ya Voi, akatia simu mfukoni bila kuufunga, akapanda gari. Alikuwa mwana wa pekee wa kiume. Yeye ndiye wa kuingia kaburini kumpokea mama.

Kabla ya saa sita wachimbaji walikuwa wamemaliza. Wazee wakaamua mama azikwe mara baada ya adhuhuri. Mwanapili akabadilisha saa.

"Nzai ana habari?" akauliza mjomba wao.

"Ameshafika Ukunda, mjomba. Ukurasa umemwambia."

Haukumwambia. Sehemu ya juu, yenye maandishi makubwa, Mwanapili alikuwa ameiandika ichukue saa mara moja tu, ukurasa unapofunguliwa, kisha ibaki na nakala yake. Orodha ya misiba iliyo chini yake ndiyo iliyofuata kila badiliko la saa. Nzai alisoma maandishi makubwa, akaona ana nafasi. Akaoga kwa rafiki, akanunua kanzu, akazima mlio wa simu, akaswali adhuhuri pale pale Ukunda, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwa mama yake.

Wanawake wa kwao hawaendi makaburini. Mwanapili alikaa ndani na wafiwa wenzake, akijua mama yuko mikononi mwa Nzai, mpaka alipomwona akiingia uani na kanzu isiyo na hata chembe ya udongo.

"Nimekuta wanamwagia kaburi maji." Akamnyooshea simu. "Hebu soma, dada. Soma hapa juu."

Juu: alasiri. Chini: adhuhuri.

Wiki ile ile Mwanapili aliurekebisha ukurasa. Sasa saa inakaa mahali pamoja, na kila sehemu ya skrini huiitikia inapobadilika. Hakuna yenye nakala yake. Nilipomtembelea mimi chumbani kwake Ukunda, aliweka simu mbili mezani, akabadilisha saa kwenye moja. Ya pili ikafuata kabla hajaondoa kidole.

"Nilibadilisha mistari minne ya programu," alisema. "Minne tu."

Kisha simu yake ikaita. Kesho yake ilikuwa hitima ya arobaini ya mama, na tangazo lilikuwa limeshatoka.

"Dada, ni saa nne?"

"Ni saa nne, Nzai. Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Niambie wewe."

Akamwambia. Baada ya nusu saa Nzai akapiga tena.