Wiki Saba na Baukje

Gerlof Postma ana miaka thelathini na moja anafungua na kufunga daraja la Oosterwier, huku Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na ukitaka mgombane naye mwambie hiyo ni kazi ya kukaa tu. Mke wake Baukje anamwambia hivyo kila wiki, lakini yeye ana kibali.

Kazi yenyewe iko hivi. Boti inatokea kwenye mfereji, Gerlof anaiona kutoka kwenye kibanda chake cha vioo, anabonyeza kitufe. Taa nyekundu zinawaka, vizuizi vinashuka, barabara inanyanyuka juu kama mfuniko wa sufuria. Boti inapita. Barabara inarudi chini. Watu wa baiskeli wanaendelea na safari zao, wengine wakimpungia mkono, wengine wakimtolea jicho kana kwamba boti kaileta yeye.

Sasa mwaka huo, mwezi wa nne, ofisi ikampigia simu. Siku zake za likizo zilikuwa zimerundikana mpaka zikawa wiki saba, na mwakani anastaafu. Azitumie kabla ya Desemba la sivyo zinayeyuka. Mfrisia umwambie kitu chake kinayeyuka hivihivi! Jioni hiyohiyo alimpelekea Baukje habari jikoni.

Baukje alikuwa amestaafu toka kipindi cha baridi, baada ya miaka mingi kwenye maktaba ya wilaya. Alisikiliza, akaweka kisu chini.

"Tunaenda mji mmoja," alisema. "Mmoja tu. Wiki zote saba."

"Mji gani?"

"Wowote ambao tulishafika. Vya kuona tumeshaviona, deni hatuna. Safari hii tunakaa."

Hapo ujue kidogo safari zao za nyuma. Miji ishirini na miwili ya Ulaya, yote kwa basi la utalii, kila mji siku tatu, mbele yenu mtu kashika mwavuli wa njano na nyinyi nyuma mnamfuata kama bata. Gerlof ana picha yake akiwa Lisbon ambayo, ukimbana, anakiri hakumbuki kama alifika Lisbon.

"Sisi Ulaya hatujaenda," Baukje alisema. "Tumeipita tu, kama boti zako."

Gerlof alikubali hapohapo. Mwezi mzuri, wazo zuri, mke kafurahi. Tatizo lilianza kesho yake kazini, saa nne asubuhi, boti hakuna, akaanza kuhesabu.

Majira ya joto yeye yuko darajani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Majira ya baridi yeye alikuwa nyumbani lakini Baukje alikuwa maktaba. Jioni kuna televisheni. Jumapili kuna mtoto wao Jildou na wajukuu. Kwenye zile safari kulikuwa na mtu wa mwavuli, na huyo jamaa alikuwa hanyamazi. Gerlof alipekua miaka thelathini na tisa ya ndoa akitafuta wiki moja, moja tu, ambayo walikaa wawili bila kitu cha tatu katikati yao. Hakuipata.

Wiki saba ni chai za asubuhi arobaini na tisa. Wataongea nini?

Huyu ni mtu anayempenda mke wake, tusielewane vibaya. Ndiyo maana aliogopa. Mtu usiyempenda ukikosa cha kumwambia, si unalala zako. Lakini ukikaa mezani na Baukje, mji wa ugenini, siku ya tisa, kimya, halafu ukamwona naye anaona kwamba maneno yameisha? Hapo unarudije nyumbani?

Kwa hiyo alifanya ambacho mwanamume wa Friesland mwenye hofu angefanya. Alitengeneza jedwali.

Miji mitatu: Vienna, Porto, Trieste. Mistari arobaini na mmoja. Makumbusho, majumba ya kifalme, kumbi za muziki, treni za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, sehemu za kujificha mvua. Kila mstari na alama zake. Vienna alama themanini na saba, Porto hamsini na mbili, Trieste thelathini na moja. Akaligeuza picha, akalitupa kwenye grupu la familia, akaandika: "Matokeo ni haya. Mimi sina upande."

Jildou ndiye alikuwa wa kwanza. "Baba, hii ni likizo au tenda ya serikali?"

Kisha: "Kupumzika kuko wapi humu?"

"Mstari wa thelathini na nne," Gerlof alijibu.

Kimya cha dakika mbili, watu wanavuta picha waione vizuri. Mstari wa thelathini na nne ulisomeka: Kupumzika, Jumatano, saa nane hadi saa tisa.

Hylke, kaka yake Baukje, akaleta emoji tisa za kucheka machozi. "Shemeji, umesahau ratiba ya chooni. Usije ukabanwa Alhamisi wakati zamu yako ni Ijumaa."

"Mwacheni baba," Jildou aliandika. "Atapiga kengele, daraja litafunguka."

Baukje alisoma yote. Ile alama ya bluu ilionekana. Hakuandika kitu.

Wiki mbili baadaye ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Gerlof. Viti kumi na tano vikapangwa duara sebuleni, kila aliyeingia akampa mkono kila aliyekaa, hongera kwa mumeo, hongera kwa baba yako, hongera kwa jirani yako, kisha kahawa, kisha keki kipande kimoja, na ukijifanya una njaa sana shauri yako. Kwenye duara huwezi kujificha. Wote mnatazamana magoti. Na Hylke, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kizuizi, akaanzisha.

"Haya Baukje, Vienna unaanza na jumba lipi? Nasikia mumeo keshakupangia mpaka saa ya kupumua."

Watu wakacheka. Baukje akaweka kikombe kwenye sahani yake taratibu.

"Gerlof," alisema, "unaogopa kukaa na mimi?"

Huku watu husemana usoni, ndiyo sifa yetu na ndiyo maana wageni hutukimbia. Ila kuna maneno ambayo hata sisi huwa tunayapeleka jikoni kwanza. Duara zima likagundua kwamba zulia lina maua mazuri sana.

"Nani anaogopa?" Gerlof alisema.

"Umeweka makumbusho ishirini na sita."

"Sasa Vienna ina makumbusho mengi, mimi ndiye niliyeyajenga?"

Wakacheka tena, kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Baukje peke yake hakucheka. Jildou akauliza nani anaongeza kahawa, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo huo watu wote kumi na watano walitaka.

Saa kumi na moja kamili wageni waliondoka. Gerlof akawa anaosha vyombo, Baukje anafuta.

"Nikwambie kitu," Baukje alisema. "Kama ni Vienna na lile jedwali lako, nenda na Hylke. Sikununii. Mimi nitabaki nipake rangi madirisha."

"Wiki saba?"

"Madirisha yapo mengi."

Gerlof alisugua sahani moja ambayo ilikuwa safi toka zamani. Alimjua huyu mwanamke, hatishii mtu. Akisema atapaka, rangi keshaichagua. Na yeye akaliona lile ambalo jedwali halikuwa na mstari wake: ataenda Vienna na shemeji, atarudi, atastaafu, na watakuwa wameshajuana kuwa ni watu wa kupishana.

"Tutaongea nini, Baukje?" alisema, akiwa anaangalia povu. "Siku zote hizo. Mimi najua boti tu."

Baukje alivuta kikombe kingine. Kitambaa kikazunguka ndani ya kikombe.

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana nataka twende."

Basi, vyombo vikaisha. Ila Jumanne iliyofuata, saa tatu na nusu asubuhi, Gerlof akamwona mtu anakuja na baiskeli, kafunga kiti cha kukunja nyuma na chupa ya chai mbele. Alifika mpaka kibandani, akakunjua kiti nje ya mlango, upande usio na upepo, akakaa.

"Kuna nini?" Gerlof aliuliza.

"Majaribio," Baukje alisema. "Nakaa mpaka jioni. Wewe fanya kazi zako."

Miaka thelathini na moja, na huyu mwanamke hajawahi kukaa hapo zaidi ya muda wa kumletea miwani aliyosahau.

Saa ya kwanza ilikuwa balaa. Gerlof alianza kueleza. Hiki kitufe ni cha taa, hiki cha kizuizi, hii ni simu ya mitambo, upepo ukizidi hapa hatufungui…

"Gerlof."

"Eeh?"

"Nimekuuliza?"

Akanyamaza. Na kile kimya alichokuwa anakiogopa tangu mwezi wa nne kikaja, kikakaa katikati yao, na kwa kweli hakikuwa na meno. Kondoo walikuwa wanakula ng'ambo ya mfereji. Boti mbili zilipita. Baukje akaanza kusema kwa sauti ndogo nani kagombana na nani, maana kwenye kila boti mke yuko mbele kashika kamba na mume yuko nyuma anapiga kelele.

"Hawa waliachana jana," alisema.

"Hawa hawajaoana," Gerlof alisema. "Anamwomba kamba kwa adabu."

Mchana wakala mkate na jibini. Halafu, mida ya saa nane, Gerlof alikuwa ameinua daraja kupitisha boti moja nyeupe, amesimama mlangoni mkono kwenye kitasa, Baukje akasema bila kumwangalia:

"Trieste sikuumwa mguu."

"Nini?"

"Ile siku mlipopanda kwenye ngome. Nilisema mguu unauma, nikabaki chini. Haukuuma."

Gerlof akageuka mwili mzima.

"Kulikuwa na kibaraza kwenye kichochoro," Baukje aliendelea. "Mama mmoja mzee amekaa anamenya njegere. Nikakaa naye benchi moja. Hakunisemesha. Baada ya muda akanimiminia njegere kwenye mapaja, na mimi nikaanza kumenya. Masaa mawili na nusu, Gerlof. Sikumwelewa neno, naye hakuhangaika. Katika miji yote ishirini na miwili, hiyo ndiyo siku yangu. Nataka kurudi pale. Si kwa yule mama, labda keshakufa. Nataka kukaa vile. Ila na wewe."

"Nilikununulia dawa ya kuchua!"

"Nilimpa Hylke."

"Begi lako nilibeba siku mbili, Baukje! Mawili kwa pamoja, kama punda!"

"Ulibeba vizuri sana."

"Na ulikuwa unachechemea!"

"Nilichechemea mguu wa kushoto Jumatatu na wa kulia Jumanne. Nilijua utaniuliza. Hukuuliza."

 Uso wa Gerlof ulipanda rangi kuanzia kwenye kola. Baukje alidhani ameudhika, akaanza kuinuka.

"Mimi sikupanda ngomeni," Gerlof alisema.

"Unasema?"

"Nililala kwenye basi. Dereva alikuwa na blanketi."

"Si ulinieleza wakati wa chakula cha usiku! Kuta, mizinga, sijui mfalme gani, dakika arobaini!"

"Kile kikaratasi cha mapokezi ya hoteli. Nilikisoma mara mbili."

Baukje akakaa tena kwa kishindo mpaka kiti kikalia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha mkate, na Gerlof naye akashika nguzo ya mlango, tumbo linamuuma, kila akitaka kunyamaza Baukje anasema "mizinga" na wanaanza upya.

Kengele za baiskeli ndizo zilizomshtua. Si moja, nyingi. Aligeuka. Ile boti nyeupe ilikuwa mbali kule kwenye kona, ndogo kama kijiko, na barabara bado imesimama wima angani. Upande huu baiskeli kama ishirini, upande ule trekta mbili na gari la mkate, na mbele kabisa mwalimu wa shule ya msingi na darasa zima la watoto wa miaka minane.

"Gerlof!" mwalimu aliita. "Umekufa huko?"

Alibonyeza kitufe. Barabara ikashuka. Haikuwahi kumtokea, hata mwaka ule alipofanya kazi na mafua. Akatoka nje ya kibanda, kofia mkononi.

"Samahanini," alisema. "Tulikuwa tunaongea."

"Dakika saba?" mtu wa trekta alisema. "Na nani?"

"Na mke wangu."

Mtu wa trekta alimtazama Gerlof, akamtazama Baukje aliyekuwa bado anajifuta macho, akafikiria kidogo. "Yule wa nyumbani?" aliuliza, akawasha trekta, akapita. Watoto wakapita wakipunga mikono.

Gerlof alirudi, akafungua daftari la zamu. Saa nane na dakika kumi na mbili. Daraja kuchelewa kufungwa, dakika saba. Kwenye sababu aliandika: mazungumzo. Aliangalia lile neno, hakulifuta.

"Watakupigia simu," Baukje alisema.

"Wapige." Alikaa kwenye kizingiti karibu na kiti chake. "Trieste."

"Ina alama thelathini na moja tu."

"Lile jedwali nililipika."

"Najua. Vienna uliipa alama tano za kuwa na chemchemi, na Trieste inayo chemchemi, ukaipa sifuri."

Wakakaa. Upepo uligeuka kidogo. Gerlof alikohoa.

"Na Lisbon," alianza, "kuna kitu sijawahi…"

Baukje akanyoosha mkono, akamziba mdomo kwa kiganja chenye harufu ya jibini.

"Hiyo iweke," alisema. "Tusije tukamaliza kabla hatujafika."

Boti ilipiga honi upande wa mashariki. Gerlof akainuka, akabonyeza kitufe, na safari hii Baukje alikuja akasimama pembeni yake, wakahesabu sekunde wote kwa sauti mpaka ikapita, wasije wakasahau tena kushusha barabara.