Tangi Lililochelewa Kujaa

Wiki ya pili baada ya kumzika mama nilirudi nyumbani kwangu Same, nikakuta choo kinalia vilevile nilivyokiacha. Ukishavuta maji, tangi linachuruzika polepole, karibu nusu saa ndipo yanapokatika. Na mimi nilikuwa nimeshaamua zamani mkosaji ni nani. Ni mama.

Mama alishuka kwangu kutoka milimani, Upare wa Kusini, miguu ilipoanza kumsumbua. Kule kwetu maji hulala kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na wazee wa ukoo, na asubuhi huzibuliwa kwa zamu. Wa juu hachukui maji yote, huwaachia wa chini. Wiki yake ya kwanza tu kwangu aliiona ile koki ndogo ukutani chini ya tangi la choo, akaielewa, akaipunguza mpaka ikabaki kutoa uzi wa maji. Nilipomuuliza hakuficha.

"Walio bondeni nao watapata nini, mwanangu?"

Siku hiyo nilicheka, nikaifungua. Akaipunguza tena. Mara ya tatu niliifungua yote, na sikucheka. Mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua. Nilimwambia hii si ndiva, hii ni nyumba yangu, asiguse kitu.

"Basi, nimesikia," akasema.

Mwezi mmoja baadaye choo kikaanza tena kuchelewa kukata maji. Sikuinama hata kuangalia. Nilikuwa na wageni sebuleni, nikamsema mbele yao.

"Mama, umerudia tena!"

Akanitazama. "Sijagusa, mwanangu."

Nikamwambia mtu mzima kama yeye hapaswi kudanganya. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, kwenda kwa mama yangu mzazi.

Tangu siku ile akawa ananiomba ruhusa. Ruhusa ya kufungua bomba la jikoni, ya kuchota maji ya kunywa, hata ya kuvuta maji chooni. Kisha akaomba arudishwe mlimani, nami, Mungu anisamehe, nikaona afadhali. Nilimpandisha gari asubuhi. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba, na radhi sikuomba. Wiki tano baadaye nikapigiwa simu.

Basi Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi kutoka msibani nikafunua tangi. Boya lilikuwa linapanda na kushuka bila kukwaruza ukuta. Nikaliinua kwa kidole, maji yakakatika palepale, kwa hiyo boya lilikuwa zima. Mpira wa chini haukuvuja. Lililobaki ni maji kuingia kidogo mno, na hilo nilikuwa na jibu lake. Nikapiga magoti, nikaishika koki pale mkono wa mama ulipoishia. Nilitamani hata kuiacha hivyohivyo, iwe kumbukumbu yake.

Lakini nilitaka pia kuangalia bomba linaloingia tangini, na huwezi kulifungua bila kufunga maji. Nikaizungusha kuifunga. Kama mama angekuwa ameipunguza, ingegota papo hapo. Ikazunguka. Ikazunguka tena. Nikahesabu mizunguko mitano, na wa sita ndio ukagota.

Koki ilikuwa wazi yote.

Nikafungua bomba kwa spana. Pale maji yanapoingilia tangini kuna kichujio kidogo cha plastiki, hakizidi ncha ya kidole. Kilikuwa kimeziba kwa mchanga mwekundu uliokuja na maji ya bomba. Nikakiosha kwenye kikombe, nikakirudisha, nikafungua koki. Tangi likajaa, boya likapanda, maji yakakatika kabla sijamaliza kufuta mikono. Kazi ya robo saa. Ningeweza kuifanya siku ile ile, wageni wakiwa wanakunywa chai.

Nilikaa pale sakafuni nikalia kuliko nilivyolia msibani. Mama aliniambia mara moja tu kwamba hajagusa. Hakurudia, hakunibishia, alianza tu kuomba ruhusa ya maji ya kunywa kwenye nyumba ya mwanawe.

Baadaye nikainama tena, nikaipunguza koki mpaka ikabaki kutoa uzi wa maji, kama alivyopenda yeye. Nikavuta maji. Tangi likaanza kuchuruzika polepole, nami nikasubiri hapo hapo, nikimwomba radhi, mpaka lilipojaa.