Rebeka na Kitabu cha Gari la Mbio

Nikipita mahali wanapochomelea chuma, hata leo na uzee huu, huwa nasimama. Ile harufu kali ya chuma kilichoungua, iliyochanganyika na grisi na vumbi lililomwagiwa maji, hunirudisha moja kwa moja kwenye ua wetu wa Ng'ambo, Tabora, enzi za Mwingereza, mwaka ambao baba yangu alitaka kuunda gari la mbio. Wengine harufu hiyo huwakera tu. Mimi hunitia uchungu, na ninyi nitawaeleza kwa nini, maana waliokijua kisa hiki wamebaki wachache, na karibu wote wanakijua vibaya.

Baba alikuwa makanika katika gereji ya mzungu mmoja mjini. Ufundi aliupata jeshini, kwenye malori, wakati wa vita ya Burma, na huko ndiko alikoona gari dogo la wazi, la watu wawili, likipita kwa kasi "kama limetukanwa," alivyopenda kusema. Aliporudi hakuzungumzia risasi wala maiti. Alizungumzia gari lile. Alilichora kwa kijiti kwenye vumbi la ua, mama akalifagia asubuhi pamoja na maganda ya karanga, na jioni baba akalichora tena.

Siku moja yule mzungu akamwonyesha gari bovu lililokuwa likiozea nyuma ya gereji, akamwambia mbele ya watu alichukue, pamoja na vyuma chakavu atakavyo. Injini ilikuwa bado nzima. Kilichokosekana ni chasisi, ile mifupa ya chini inayobeba gari zima, kwani ya gari lile ilikuwa imeliwa na kutu. Baba alijua kufungua na kufunga kila kitu, lakini kuunda mifupa mipya, mifupi na myepesi, hakuna aliyemfundisha. "Hiyo," alisema, "lazima iwe imeandikwa mahali."

Kumbe ilikuwa imeandikwa mahali pawili. Bwana Jiwani, Mhindi mwenye duka karibu na soko, alikuwa amenunua mnadani makasha ya mzungu wa madini aliyerudi kwao, na ndani mlikuwa na vitabu viwili vya kuunda gari la mbio nyumbani. Baba aliweza kununua kimoja tu. Tena baba hakujua Kiingereza zaidi ya majina ya spana na matusi ya jeshini.

Aliyekijua ni dada yangu Rebeka. Alikuwa darasa la mwisho shule ya misheni, na walimu walikuwa wamemchagua afanye mtihani wa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Alikuwa msichana mwembamba, wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kuuma pindo la kanga akifikiri. Mimi, mdogo wake wa kike, nilimfuata kila aendako.

Bwana Jiwani alitutandikia gunia barazani, akaturuhusu kuvisoma kabla ya kuamua. Tulikwenda jioni baada ya jioni, pua zetu zimejaa harufu ya mafuta ya taa na samaki wakavu. Kitabu kimoja kilikuwa chembamba, na juu yake gari jekundu na mzungu anayecheka meno yote nje. Baba alikishika kama anayepokea mtoto mchanga. Cha pili kilikuwa kinene, jalada limeliwa na mchwa, na picha zake zilikuwa mistari na namba tu.

Rebeka alisoma hiki kidogo, kile kidogo, akimfasiria baba. Neno likimshinda, alimwuliza kitu chenyewe kinafanya kazi gani, kisha wakakipa jina lao wenyewe. Vile vyuma vinavyokingama vikaitwa mbavu. Siku ya mwisho akaviweka vyote viwili magotini.

"Baba, barabara ya kwenda Kwihara ina mashimo?"

"Mashimo! Swali gani hilo? Mashimo yale yamechimbwa tangu zama za wapagazi na pembe zao."

"Basi hiki chembamba hakijui shimo. Kinasema kata chasisi ya zamani, ifupishe, iunge, endesha. Hiki kinene kina sura nzima ya gurudumu moja likitumbukia: mifupa inavyojipinda, na mbavu ziwekwe wapi isikatike. Aliyekiandika, gari limewahi kumkatikia."

Bwana Jiwani akacheka. "Fundi, mimi nataka uchukue hiki cha picha, faida yangu iko hapa. Lakini sikia maneno ya binti."

Baba aliliangalia gari jekundu kwa muda mrefu. Kisha akakilaza kitabu kifudifudi, asilione tena. "Tunachukua cha Rebeka," alisema. Njia nzima ya kurudi alimshika dada bega, na kila aliyemwamkia shikamoo alijibiwa, "Marahaba, na huyu hapa ndiye injinia wangu." Sijawahi kumwona Rebeka akitabasamu vile, kabla wala baada.

Kazi ikaanza. Baba alikata na kuchomelea uani, na Rebeka alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kitabu mkononi, akisoma kipimo baada ya kipimo. Mwanzoni ilikuwa jioni tu. Baadaye baba alipewa likizo gereji, na Rebeka akaacha kwenda shule asubuhi. Mwalimu wake alikuja kuuliza. Baba alimkaribisha kiti kwa heshima zote. "Kazi ikiisha atarudi, mwalimu. Pasipo yeye, mimi kipofu." Siku ya mtihani ilipofika walikuwa kwenye mbavu za mbele, mahali pagumu. Rebeka alikuwa amefua sare yake na kuianika tangu jana. Baba alimwambia mtihani utakuwepo hata mwakani. Mimi, mjinga, nilifurahi kwamba atabaki nyumbani.

Gari lilitembea. Baba alilipeleka kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, likaruka mashimo bila kulia popote, na watoto wa Ng'ambo nzima tukalikimbilia tukimeza vumbi. Alipakia marafiki zake kwa zamu. Rebeka alisimama kando na kitabu kifuani. Jua lilipozama alikuwa bado hajapandishwa.

Habari zikamfikia yule mzungu wa gereji. Akaja, akalizunguka gari akipiga mluzi, akalala chini kukagua chasisi, akainuka na kusema vyuma ni vyake, basi gari ni lake. Wale waliomsikia akimpa baba gari lile wakaangalia miguu yao. Alikichukua hata kitabu. Sikukuu iliyofuata alilikimbiza mbele ya Wazungu wenzake, wakampigia makofi, naye akawaambia ameliunda mwenyewe.

Baba aliugua bila ugonjwa. Alilala ameelekea ukutani, na majirani wakaja kumpa pole kama waliokuja msibani, wakikaa kwenye mkeka. Aliyewapikia uji ni Rebeka. Huo mwaka aliouahidi ulipofika, baba alisema shule imeshampita, akamwoza kwa mkulima wa Usoke ambaye dada hakuwahi kumwona.

Hadi anakufa, baba alisimulia jinsi alivyonyang'anywa gari. Alisimulia vizuri mno, tukalia, tukamchukia yule mzungu kwa mioyo yetu yote, na alistahili. Lakini katika simulizi ile baba alikuwa akienda dukani peke yake. Alichagua kitabu peke yake. Alikisoma mwenyewe. Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe, kuelewa kwamba katika ua wetu waliibiwa wawili, na ni mmoja tu aliyetandikiwa mkeka wa pole.

Siku ya kuondoka, mama nami tulimsindikiza Rebeka stesheni. Baba hakuja, alisema moyo wake haujapona. Dada alinipangusa kamasi kwa pindo la kanga mpya ya harusi, akainama sikioni mwangu.

"Wewe utasoma," akasema. "Ukikijua Kiingereza, baba asijue."

Nilidhani ananionea wivu, nikanuna, wala sikumpungia mkono treni ilipoondoka. Lakini neno lile lilinikaa. Nilisoma, nikaufanya ule mtihani, nikaingia shule ya bweni. Na kila likizo baba aliponiletea karatasi ya Kiingereza, akiuliza imesema nini, nilimrudishia kwa mikono miwili nikamwambia, "Bado hatujafika huko, baba."