Samahani ya kunong'ona ukweni

Leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze, tena niko ukweni, Ihanda. Chekeni tu.

Natengeneza nakala mama ya mashine pepe za ofisini, yaani kiolezo cha kunakilia kompyuta zinazoendeshwa ndani ya seva. Kila nikijaribu kuingia kwa mbali, nakataliwa.

Nikampigia mwenzangu Jesca, nikamfokea: "Umefuta funguo za kuingilia!"

Baba mkwe yuko hapo hapo uani, anageuza kahawa juani.

Kuja kukagua skripti, ile orodha ya amri za kutengenezea nakala hiyo, amri ya kuzifuta niliiandika mimi mwenyewe. Jana!

Nikampigia tena, kisauti chini: "Samahani dada, kosa ni langu."

Baba mkwe akaacha kahawa.

"Mkwe, ulipomfokea tulisikia wote. Samahani mbona unanong'ona?"

Nikairudia kwa sauti.

Ng'ambo ya migomba jirani akaitikia: "Haya, sasa tumesikia!"