Ukuta wa Kugusa

Kuna siku moja, mwanangu, ninaikumbuka kwa masikio. Usicheke kwamba ninakuita mwanangu na ndevu sijaota. Mimi niko wa sita sekondari, wewe umeingia wa kwanza juzi, na hapa Ndosho vita vimetuzeesha kabla sauti hazijatuvunjika.

Darasani kwetu alikuwepo Furaha, kipofu, aliyekimbia vita huko Masisi na mama yake wakaishia kwenye hema la kambi ya wadeplase, wakimbizi wa ndani. Prefe, mkuu wa shule, alimwambia mbele yetu sote kwamba hana vitabu vya vipofu. "Tuonyeshe wenzako watajifunza nini kwako. La sivyo, utabaki nyumbani."

Nyumbani gani, hakusema.

Furaha akajenga ukuta wa mbao, na juu yake njia nzima ya kwao: maganda ya mahindi, ngozi ya ng'ombe, mawe makali ya volkano, gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, linalolia ukilizungusha. Mgeni alifungwa kitambaa machoni, akatembea kwa vidole. Nyuma ya mbao nilikaa mimi na bidoni, dumu la maji, nilitikise lisikike kama mto vidole vya mtu vikifika mtoni. Furaha alinichagua mwenyewe. Alisema mikono yangu haitulii, basi ifanye kazi.

Siku ya wageni walikuja wazazi, na akina mama wa kambini. Mmoja aligusa ngozi, akakaa hapo muda mrefu. "Huyu ni Sitaki, ng'ombe wetu," alisema, na wenzake wakacheka polepole, kama watu waliosahau namna ya kucheka.

Nami huko nyuma nikachoka kuwa mto. Mtani kama mimi akikosa watu wa kumchekea, mwanangu, mwili humwasha. Nikamwaga changarawe juu ya bati, nikalipiga kwa chuma: ta-ta-ta-ta.

Sauti hiyo unaijua. Walijitupa chini, wakakanyagana, mbao zikavunjika. Halafu wakavua vitambaa, wakaniona na chuma mkononi. Baadhi walicheka, hata prefe. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilichekewa, kama nilivyotaka.

Furaha alikuwa bado amelala kifudifudi, mikono kichwani.

"Ni mimi tu," nikamwambia. "Nilikuwa natania."

"Wenzangu wamevua kitambaa, wameona ni wewe," akasema. "Mimi nivue nini?"

Nikaanza kuokota mbao zilizovunjika.

Prefe alisema ukuta ule unaumiza watu, usijengwe tena. Jumatatu dawati la Furaha lilikuwa tupu. Nikabeba mbao na misumari hadi kambini. Mama yake akanizuia nje ya hema.

"Rudi kwenu, papa. Mutoto wangu sasa anaogopa kugusa kitu. Hata sahani, anauliza kwanza."

Kisha vita vikasogea, kambi ikavunjwa, na sijui walielekea wapi.

Wazee husema mzaha mzaha hutumbua usaha. Mimi nilidhani usaha utanitoka mimi. Basi sikiliza: mtanie mtu anayeweza kukuona ukicheka. Na mtu akifumba macho kwa sababu yuko nawe, kuanzia hapo macho yake ni wewe. Usimwonyeshe hofu isiyokuwepo, zilizopo zinatutosha.

Mungu akupe mikono ambayo hakuna atakayeishtukia. Na huko Furaha aliko, kila anachokishika kiwe kile alichoambiwa.